Vipimo vya Mwaka Ule

Sehemu ya Tisa

Kwako wewe msomaji imepita wiki nzima. Umekwenda kazini, umefua, umegombana na mtu na pengine mmeshapatana. Kwa Fundi Kesho haijapita hata dakika. Bado amelala sakafuni katika chumba chake cha kushonea, shavu limegandana na vipande vya kitambaa, na mlango unagongwa karibu ung'oke.

"Kaka! Fungua! Leo Jumamosi!"

Jumamosi? Yeye alilala Jumanne.

Jumanne aliikumbuka vizuri. Binti yake alikuja adhuhuri, akasimama kizingitini bila kuingia, akatoa sharti lake kwa sauti ya mwalimu wa hesabu, maana ndiyo kazi yake.

"Utanishonea lile gauni la harusi ulilonipimia, Fundi. Na Jumamosi utanishika mkono kuingia ukumbini. Lakini uje wewe mwenyewe. Sitaki kuingia na vidonge vilivyovaa suti."

Alimwita Fundi, kama mteja yeyote. Neno baba hakuwa amelitumia tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa alikuwa na ishirini na mitano.

Baada ya hapo, giza. Siku tatu zimekwenda na hajui zimepitia mlango gani.

Jina la Kesho hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja. Ukimuuliza suruali yako itakuwa tayari lini, kesho. Ukirudi kesho yake, kesho. Utasema mafundi wote ndivyo walivyo, na sikubishii. Lakini kwa huyu ulikuwa ugonjwa. Tangu mkewe afariki na kuacha chupa ya vidonge vyeupe vya maumivu juu ya kabati, siku yake haikuwa tena na saa. Ilikuwa na cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, na katikati yake kusubiri. Mwaka wake haukuwa na miezi, ulikuwa na chupa.

Mlango ukagongwa tena. Fundi akajiinua kwa kushika mguu wa cherehani. Shati lilikuwa limelowa jasho baridi. Akaitazama meza ya kukatia, pale alipoiacha satini nyeupe Jumanne, mita saba, haijaguswa hata na chaki.

Sasa ilikuwa imekatwa.

Akageuza shingo polepole. Kwenye msumari wa ukutani lilining'inia gauni, limefunikwa shuka kama anavyofunika magauni ya maharusi siku zote, pindo tu likichungulia chini. Jeupe. Limepigwa pasi.

Akalisogelea, akalishika pindo. Mishono midogo, imelingana, na mwisho wa uzi fundo maradufu kama alivyofundishwa ujanani. Hakuna fundi mwingine mtaa ule aliyefunga hivyo. Mikono yake ndiyo iliyoshona, ila mwenye mikono hakuwepo.

Nywele zilimsimama. Akafungua mlango.

Dada yake aliingia na hasira ya siku tatu, vidole vimeshajipanga kumhesabia makosa. Alipoona gauni ukutani, hasira ikamponyoka.

"Umemaliza! Mungu wangu, kaka, umemaliza! Mimi nimekesha nawaza mwanangu ataolewa na nini!"

Alisema mwanangu, na alikuwa na haki. Ndiye aliyemlea.

Fundi viatu wa mlango wa pili akaingiza kichwa, nyundo mkononi.

"Shemeji, huyu mtu hajalala. Siku tatu cherehani inalia tu. Jana nikamgongea, nikamwambia jirani, pumzika, kula. Unajua alinijibu nini?"

"Nini?"

"Nisimcheleweshe. Binti anatoka shule saa nane."

Dada mtu akacheka. Fundi hakucheka. Binti yake alimaliza shule zamani.

Mwenye harusi mwenyewe akaingia, nywele nusu zimesukwa, nusu bado. Aliliona gauni, na uso wake ukafanya jambo ambalo Fundi hakuwa ameliona kwa miaka: ulilegea. Alilitoa gauni pamoja na shuka lake, akaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Wote wakangoja. Kimya. Shuka likaanguka. 

"Fundi," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Gauni hili la nani?"

Pazia likafunguka. Binti alikuwa amelishikilia gauni kifuani juu ya blauzi yake. Mabega yake yalilizidi kila upande, na pindo lilimfika juu kidogo ya magoti. Lilikuwa gauni zuri sana, lenye marinda na mikono iliyotuna mabegani. Lilikuwa gauni la mtoto.

"Unamfanyia mzaha siku ya harusi yake?" dada mtu alipiga kelele. "Huna hata chembe ya aibu?"

Fundi alikimbilia daftari la vipimo. Lilikuwa wazi mezani, na bado alishukuru, akidhani litamtetea. Vipimo vya binti alivichukua wiki mbili zilizopita, vilikuwa ukurasa wa mwisho: kifua inchi thelathini na sita. Lakini daftari halikuwa limefunguliwa ukurasa wa mwisho. Lilifunguliwa mwanzoni kabisa, kwenye karatasi ya rangi ya chai, kwa maandishi yake ya enzi zile yaliyonyooka. *Binti. Kifua ishirini na saba. Kiuno ishirini na nne. Mfuko, upande wa kulia.*

Kalamu mpya ilikuwa imepiga alama ya vema mbele ya kila kipimo.

"Nilikupima," alisema. "Nilikupima mwenyewe wiki mbili zilizopita. Sijui... sijui kwa nini nimefungua huku."

Binti hakumsikiliza. Vidole vyake vilikuwa vikitembea upande wa kulia wa gauni, vikatafuta, vikapata.

"Lina mfuko," alisema taratibu. "Shangazi, lina mfuko."

Hapo dada mtu naye akaelewa, akakaa kwenye kiti bila kuangalia kama kipo.

Wewe uliyeanza hadithi hii leo, nikuambie. Mwaka ule mama yake alipokufa, binti alikuwa apande jukwaani siku ya kufunga shule kupokea zawadi ya hesabu. Alimwomba baba gauni jeupe lenye mfuko, apate pa kuweka leso ya mama yake. Baba akampima, akaandika, akasema kesho. Alisema kesho mara tisa. Siku yenyewe mtoto alikaa getini akisubiri gauni na baba, na aliyefika ni shangazi. Akamchukua kwake moja kwa moja.

Gauni lile ndilo hili. Limechelewa miaka kumi na minne.

"Mfuko umeshonwa mdomo," binti alisema. Akalitikisa gauni. Likachakacha. "Na humu kuna kitu."

Fundi alichukua wembe wa kufumulia. Mshono ulikuwa umerudiwa mara tatu, wa mtu anayetaka mfuko usifunguke kirahisi. Ulipoachia, vidonge vyeupe vilimwagika kiganjani mwa binti.

Ndipo ikamrudia Fundi picha moja, moja tu, ya siku zile tatu: anatetemeka, anasukumia vidonge mfukoni, na anajiambia kwamba ili avipate tena itabidi alichane gauni la mtoto, na gauni la mtoto hatalichana.

"Sijavimeza," alisema, akishangaa kuliko wote. "Tangu Jumanne. Nilidhani nimepotelea humo. Kumbe nimepotea nikivikimbia."

Binti alimtazama usoni kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Aliona macho mekundu, midomo iliyopasuka, jasho. Aliamini. Lakini kuamini hakumvishi mtu gauni.

"Saa tatu na robo," alisema. "Ukumbini ni saa tisa."

Fundi alishaitandaza satini iliyobaki, kamba ya kupimia shingoni. "Mita nne na kitu. Halitakuwa na mkia."

"Mkia wa nini? Mimi ng'ombe?"

Dada mtu alicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe, kisha akanyamaza, kwa kuwa Fundi alikuwa ameshika chaki na chaki imevunjika. Akachukua nyingine. Mstari wa kwanza ulitoka umepinda. Akaufuta. Wa pili ukapinda vilevile. Mikono ilitetemeka hadi mkasi ukawa unagonga meza.

Na hapo, msomaji, likatoka neno lisilotarajiwa, tena kwenye mdomo usiotarajiwa.

"Mpe kimoja," dada mtu alisema.

"Shangazi!"

"Kimoja tu! Mikono itulie. Mimi ndiye niliyevitupa chooni, ndiye niliyemfungia mlango, hakuna anayevichukia kama mimi. Lakini watu mia mbili wanakuja kukuona. Kesho atatubu, ana mazoea na kesho."

"Akimeza, simshiki mkono."

"Basi usimshike! Lakini vaa!"

Fundi alisikia yote hayo kwa mbali, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kiganja cha binti. Anajua inavyokuwa. Robo saa baada ya kumeza, mabega yanashuka, mikono inakuwa laini, na saa tano zinapita kama hazikuwepo. Atafumba na kufumbua, gauni liko tayari. Ndiyo raha yake hiyo, na ndiyo iliyomla: kila kigumu kinapita yeye hayupo.

"Viweke pale," alisema, sauti ikikwaruza. "Kwenye kisahani, mbele yangu. Usivifiche. Ukivificha nitashinda navitafuta kichwani, sitashona. Na wewe kaa hapa, unitajie saa."

"Kila saa?"

"Kila dakika kumi."

Binti alivimimina kwenye kisahani cha vifungo, akavihesabu kwa ncha ya kidole, haraka, kama anavyohesabu daftari za wanafunzi. "Kumi na vitano," alisema, ili wote wasikie. Akavuta kiti, akakaa.

"Saa tatu na dakika ishirini na tano."

Fundi akapiga mstari. Ukapinda kidogo kuliko wa mwanzo. Akaufuta, akapiga tena, akiuegemeza mkono wa kulia juu ya wa kushoto. Ukanyooka.

Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko mwaka jana mzima. Aliisikia kila moja ikija, ikikaa, ikikataa kuondoka. Alisikia nyundo ya fundi viatu, inzi kwenye kioo, jasho lake likishuka shingoni. Alijifuta mikono kwa taulo kila baada ya mkato, satini isiingie doa.

"Saa tatu na thelathini na tano."

"Bado tu?"

"Bado tu."

Saa nne kasoro dakika tano, vipande vya kifua vilikuwa vimetoka. Bila kuinua kichwa akauliza swali ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Ulipanda jukwaani umevaa nini?"

"Sare ya shule."

"Na leso ya mama yako?"

"Niliishika mkononi. Mwalimu mkuu akanipa zawadi, ikabidi niishike kwa meno, nikampa mkono. Watu wakacheka." Akaitazama saa. "Nikarudi kukaa getini tena. Nilidhani umechelewa tu. Mlinzi akafunga geti, mimi bado najua umechelewa tu."

Fundi aliacha mkasi. Alilia kimyakimya, akigeuza uso pembeni, kitambaa kisilowe. Iliuma. Iliuma kama ndiyo inatokea sasa, kwa kuwa yeye hakuwepo siku ile, imuume kwa wakati wake.

"Saa nne na dakika tano," binti alisema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu.

Dada mtu alikuwa amekwenda kwa fundi viatu kuomba maji ya moto. Alirudi na kikombe cha chai, akakiweka juu ya kisahani cha vifungo kwanza, kando ya vidonge, akapanga vitu vya mkoba wake, kisha akamkabidhi kaka yake.

"Kunywa. Huna kitu tumboni tangu Jumanne."

Chai ilikuwa chungu. Fundi hakushangaa, siku hizi hata maji yalikuwa machungu mdomoni mwake. Alikunywa yote, akabakiza tone la chini.

Kisha akakaa kwenye cherehani. Akakanyaga. Na polepole, jambo jema likatokea.

Mikono ilitulia. Sindano ikaenda sawa. Satini ikateleza chini ya vidole kama zamani, alipokuwa kijana anayeshona akiimba na mkewe akimjazia uzi kwenye bobini ya cherehani. Alisikia "saa nne na thelathini na tano", akasikia "saa tano kasoro dakika tano". Alisikia binti akisema sasa anakwenda kumalizia nywele, akamjibu haya. Machozi yakamjia tena, ya furaha safari hii. *Nimerudi,* alijiambia. *Mikono imenirudia yenyewe.*

Alipoinua kichwa, kiti cha binti kilikuwa kitupu. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi. Mbele yake, kwenye sanamu la kuvalishia nguo, lilisimama gauni la mwanamke mzima. Halina mkia wala marinda mengi, lakini kila mshono ulikuwa mahali pake.

Akacheka peke yake. Saa tatu nzima! Zimepita bila yeye kuzihesabu, bila kuzisubiri, na ni zake. Atamwambia binti. Atamwambia, mwanangu, leo muda umepita nami nilikuwepo.

Koo lilikuwa kavu. Akachukua kikombe amalizie lile tone.

Ndani ya kikombe, chini kabisa, palikuwa na uji mweupe, umeganda.

Aliutazama. Akautia kidole, akaonja. Uchungu ule aliujua kuliko jina lake. Akageukia kisahani na kuhesabu mara moja, mbili, tatu.

Kumi na vinne.

Kwa hiyo si yeye aliyeshona. Mikono haikumrudia. Zile saa tatu alizozifurahia zilikuwa za kidonge, kama miaka yote kumi na minne. Fundi aliweka kikombe chini, akahisi baridi inamwingia mifupani.

Mlangoni alisimama dada yake, viatu vyeupe vya harusi kifuani. Alikiona kikombe. Rangi yote ikamtoka.

"Nilifanya kwa ajili yake," alinong'ona. "Kaka, nakuomba. Mimi ndiye mama yake leo. Nitakaa kiti cha mama. Akijua leo, hatanitazama tena usoni."

"Na mimi?"

"Wewe..." Hakuweza kumaliza, lakini Fundi aliielewa sentensi yenyewe. Wewe ameshakuzoea hivyo.

Kabla hajajibu, nyayo zikasikika nje. Binti aliingia, nywele tayari, akaenda moja kwa moja kwa gauni. Alilichukua nyuma ya pazia, na safari hii hapakuwa na kimya: zipu ilipanda bila kukwama.

Akatoka. Gauni lilimkaa kama ngozi yake ya pili. Mkononi alikuwa na leso ndogo ya bluu iliyofifia. Akapapasa upande wa kulia, akaukuta mfuko ambao hakuuagiza, akaitia leso ndani.

"Baba," alisema.

Neno hilo Fundi alikuwa amelisubiri kuliko kidonge chochote. Binti akanyoosha mkono, waondoke. Na kwa mazoea ya mwalimu wa hesabu, macho yake yakapita juu ya meza, yakafika kwenye kisahani, yakasimama. Midomo ikaanza kucheza bila sauti. Moja, mbili, tatu.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Baba, kimoja kiko wapi?"

Nyuma yake, shangazi alifumba macho. Binti alisubiri, kama alivyosubiri getini. Fundi Kesho alifungua mdomo kujibu, na lile neno lake la kila siku halikuweza kumsaidia.